Alikubali Bagamoyo, akadaiwa Nungwi

Jumapili ya tarehe 18 Agosti 2024, saa sita kasoro dakika kumi usiku, ujumbe uliingia kwenye grupu letu la WhatsApp: "Jamani samahanini sana, sitaweza kuja Zanzibar. Nawatakia safari njema, Mungu awatangulie." Kabla mtu hajajibu, yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu kwamba mwenzetu ametoka kwenye grupu. Boti yetu ilikuwa ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba. Zilibaki siku kumi na tisa.

Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Daftari la hesabu za safari ile ninalo hadi leo, na wengi wameniuliza nani alikuwa na haki, hasa msimu wa harusi unapoanza na watu wanapojikuta wameingizwa kwenye grupu kama lile. Nimewaomba ruhusa wahusika wakuu watatu. Wawili wamenipa kwa moyo, mmoja kwa shingo upande. Majina siandiki. Aliyejitoa nitamwita Nesi, maana ndiyo kazi yake. Yuko wodi ya wazazi. Wengine watabaki bi harusi na matroni.

Mambo yalianza Februari. Matroni, binamu yake bi harusi na mkubwa kwetu sote kwa miaka mitano au sita, alituita wanawake saba akafungua grupu bila bi harusi kuwemo. Alichoandika ninacho: kabla ya kicheni pati, sisi watu wa karibu tumtoe mwali wetu kidogo, tukalale Bagamoyo usiku mmoja, tule samaki, tupige picha, Jumapili turudi. "Kama 180,000 hivi kila mtu. Nani yupo?" Bagamoyo ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka Dar kama foleni ya Tegeta na Bunju haijakukamata. Ndani ya nusu saa tulikuwa wanane. Nesi aliandika: "Nipo, tena asilimia mia."

Aprili bi harusi akamwonyesha matroni picha za Nungwi. Anayeijua Unguja anajua kwa nini watu wanaisifu ile ncha ya kaskazini: upande wa Paje na Jambiani maji yakikupwa bahari inaondoka mbali kabisa, lakini Nungwi unaogelea karibu kutwa nzima. Matroni akatafuta nyumba ya kupanga yenye bwawa, vyumba vitano, dola 400 kwa usiku, siku tatu. Akaandika kwenye grupu: "Wanawake, mwali amesema anatamani Nungwi. Harusi ni moja. Tunafanyaje?" Watu wakarusha vikatuni. Nesi aliweka yule mdada anayecheza na gauni jekundu.

Hakuna aliyeandika neno "nakubali". Hakuna aliyeandika "hapana". Kesho yake nikapiga hesabu nikaituma.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa wanane wa kulipa, tukimlipia na bi harusi. Nyumba kwa siku tatu, dola 1,200, kwa bei ya dola ya Aprili ilikuwa shilingi 384,000 kwa kila mtu. Nauli ya boti kwenda na kurudi pamoja na sehemu ya nauli ya bi harusi, 78,750. Gari la kutuchukua bandarini Malindi hadi Nungwi na kuturudisha, 30,000. Chakula na mpishi, 120,000. Mpiga picha, 50,000. Dau la kutembea baharini jioni, 25,000. Zawadi ya pamoja, 30,000. Sare, 65,000: dera moja na joho la hariri ya bandia la kuvaa asubuhi, limedariziwa jina la kila mmoja mgongoni. Ukijumlisha unapata 782,750. Nikaandika 785,000 ili kusiwe na chenji za kugombania.

Kutoka 180,000 hadi 785,000, katika miezi miwili, bila mtu kuulizwa mmoja mmoja.

Mshahara wa Nesi unaoingia mkononi, baada ya makato yote, pamoja na yale ya mkopo wa chuo, ulikuwa kama 620,000. Hilo nililijua. Tumesoma pamoja tangu sekondari, najua chumba alichopanga Mbagala, najua anamtumia mama yake pesa kila mwezi. Nililijua na bado nikatuma hesabu ile nikaweka kikatuni cha moyo chini yake. Nalitaja hapa mapema ili msomaji asidhani naandika kama mtu aliyekuwa pembeni.

Alilipa 100,000 Aprili na nyingine 100,000 Mei. Katikati ya Mei tukapeleka kianzio cha nyumba, nusu, dola 600, ambazo hazirudi. Na mwisho wa Mei yakatoka majina ya waliochaguliwa kidato cha tano. Mdogo wake Nesi, mtoto wa mwisho wa mama yao, alipangiwa shule ya bweni mkoani Mbeya, aripoti mapema Julai.

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, na ni jambo la kushukuru. Lakini anayempeleka mtoto bweni anaijua fomu ya kujiunga. Niliiona fomu ile baadaye, nyumbani kwa Nesi, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. Godoro la futi mbili na nusu. Shuka jozi mbili. Sare jozi mbili, viatu vyeusi vya ngozi, raba za michezo. Ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, ufagio, rimu ya karatasi, madaftari makubwa, kikokotoo, michango midogo midogo ya shule. Pembeni ya kila kitu Nesi alikuwa ameandika bei kwa kalamu ya bluu, na kilichokwisha kununuliwa amekitilia alama. Nauli ya basi ilikuwa chini kabisa, imezungushiwa duara. Baba yao hayupo. Nani mwingine angenunua godoro lile?

Kwa hiyo Juni haikuingia pesa yake ya safari, wala Julai.

Wakati huo mimi nilikuwa natuma orodha kila Ijumaa jioni. Wanaokaa kwenye kamati wanaijua: majina, kiasi, alama ya kijani kwa aliyemaliza. Wiki baada ya wiki alama za kijani zikaongezeka. Ilipofika mwisho wa Julai majina saba yalikuwa ya kijani, na la nane lilikuwa peke yake na 200,000 zake. Chini ya orodha niliandika kila mara: "Tunaomba wenzetu mmalizie." Wenzetu gani? Alikuwa mmoja, na kila mtu alimwona.

Wiki moja kabla ya ujumbe wake, mmoja wetu alipiga picha status ya Nesi akaituma kwa matroni: sahani ya chipsi na kuku, glasi ya juisi, meza ya mgahawa pale Mlimani City. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mfanyakazi mwenzake na aliyelipa alikuwa huyo mwenzake. Sisi tukawa tumeshahukumu. Pesa ya kuku anayo, ya mwali hana.

Hapo ndipo tulipokuwa usiku ule wa Jumapili. Matroni aliipiga picha ile samahani akamtumia bi harusi saa ileile. Bi harusi akaisoma akiwa kitandani, na akaelewa kwamba rafiki yake wa tangu kidato cha kwanza amemkimbia na wala hakuona haja ya kumwambia.

Je, alivunja ahadi?

Matroni aliandika kwenye grupu asubuhi yake: "Ahadi ni deni." Waliobaki tukaitikia. Ni methali inayofunga mjadala kabla haujaanza, lakini deni lina kiasi. Ukikopa kilo mbili za sukari dukani, mwenye duka haji kukudai gunia. Ile "nipo, asilimia mia" ya Februari ilikuwa ya usiku mmoja Bagamoyo kwa 180,000. Kama kisa kingeishia hapo ningesema Nesi hakuwa na deni hata la senti.

Hakikuishia hapo. Hesabu ya Nungwi aliiona, na baada ya kuiona alilipa mara mbili. Kulipa ni kusema ndiyo. Tulipopeleka kianzio Mei tulikuwa tumehesabu vichwa vinane, na cha kwake kikiwemo, na yeye alijua tumehesabu. Kwa hiyo simtetei kwa hoja ya Bagamoyo peke yake, ingawa wapo waliomtetea hivyo. Alikubali mara mbili: mara ya kwanza kwa mdomo wake wote, mara ya pili kwa woga, kwa kutoa pesa kidogo kidogo akitumaini njia itapatikana mbele. Nimemuuliza. Alisema Aprili alishajua haiwezi, ila kila mtu alikuwa anacheza kwenye grupu.

Lakini kitu alichoniambia ambacho kilinifungua macho ni kingine. Alisema: "Mimi nilidhani ni kama mchango, dada. Mtu ukikosa unapunguza, unaomba radhi, watu wanasonga mbele."

Nadhani kiini cha kisa kiko katika sentensi hiyo, na nimeshaiona ikiwaponza wengine. Sisi tumelelewa kwenye michango. Kadi inakuja, unaandika ahadi 200,000. Mwezi wa harusi unafika, mkononi una 100,000. Unapeleka ulichonacho, unamwambia mweka hazina, "kaka, mambo yamekaa vibaya, nipunguzie," anaguna, anakufutia. Hakuna ugomvi. Kamati yoyote iliyozoea inajua kwamba ahadi zote hazitaingia, na mwenyekiti mwenye akili hapangi chakula kwa karatasi ya ahadi, anapanga kwa pesa iliyoingia. Ahadi zikipungua, zinapungua kadi za mwaliko, au kreti za soda, au bendi inakuwa muziki wa spika. Maumivu yanagawanywa kwa watu mia tatu na hakuna anayeyasikia. Ndiyo maana ahadi ya mchango ina huruma ndani yake. Imetengenezwa hivyo, na ni jambo zuri, kwa sababu hakuna anayejua mwaka utamletea nini.

Safari ya watu wanane haina huruma hiyo. Nyumba haina nusu. Mwenye nyumba anadai dola 1,200 mkiwa wanane au mkiwa watatu. Gari lilelile, mpiga picha yuleyule, dau lilelile. Mmoja akitoka, sehemu yake haipotei, inahamia mgongoni kwa mwenzake, na mwenzake huyo naye huenda ana mdogo wake wa kidato cha tano ambaye hatujamwuliza. Tulichukua lugha ya mchango, na daftari la mchango, na mweka hazina wa mchango, tukavitumia kwenye kitu ambacho kwa kweli kilikuwa mkataba wa kukodi nyumba. Nesi aliishi katika ile lugha. Matroni, ambaye alishika simu ya mwenye nyumba, aliishi katika mkataba. Wote wawili walisema neno ahadi wakimaanisha vitu viwili.

Kujitoa kwenyewe naona kulikuwa sahihi, na kwa hili sina shaka. Kabla ya usiku ule Nesi alikuwa ameshakwenda kwa mkopeshaji wa kausha damu jirani na kazini kwake. Angepewa 400,000, arudishe 520,000 ndani ya mwezi, na aache kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Alikaa kwenye benchi la yule mtu akiwa na kadi mkononi, kisha akanyanyuka akaondoka. Nafurahi aliondoka. Rafiki yangu mwingine hakuondoka kwenye benchi kama lile, na alikaa mwaka mzima akilipa. Harusi ya mtu haistahili hilo, hata ya ndugu wa tumbo moja.

Kosa la Juni

Kwangu mimi kosa lake liko Juni. Siku alipokunja fomu ile akajua kwamba pesa yote inakwenda Mbeya, alikuwa na miezi mitatu mbele yake. Juni tungeweza kutafuta mtu wa nane mwingine. Juni mwenye nyumba alikuwa bado anakubali kutubadilishia tuchukue nyumba ndogo zaidi kwa kianzio kilekile, nilimuuliza Agosti akaniambia, "Mngesema mapema ningewasaidia, sasa hiyo ndogo imeshachukuliwa." Majoho yalikuwa bado hayajadariziwa. Kwa kukaa kimya wiki kumi aliyageuza matatizo yake, ambayo yalikuwa ya haki kabisa, yakawa matatizo ya watu saba.

Yeye ni mtu wa wodi ya wazazi. Kila siku anawaambia akina mama waseme wanapoumia, mficha uchi hazai. Nilimkumbusha hilo tulipokaa, si kwa kumsuta, akanyamaza, kisha akasema: "Mgonjwa anamwambia nesi mmoja. Mimi ningewaambia watu wanane."

Ndipo nilipoelewa sehemu yangu. Ile orodha ya Ijumaa. Mtu aliyebaki peke yake bila alama ya kijani anajua kwamba akifungua mdomo atakuwa anafungua mbele ya hadhara, na kadiri alama za wenzake zinavyoongezeka ndivyo mdomo unavyokuwa mzito. Kazi ya mweka hazina ilikuwa kupiga simu wiki ya pili ya Juni, mchana, na kusema: "Mdogo wangu, naona umesimama, kuna nini?" Dakika tano tu. Sikupiga kwa sababu niliona aibu kumdai rafiki, nikaona ni heshima kuacha orodha iseme kwa niaba yangu. Sioni tena heshima ndani yake.

Laki mbili ziende wapi?

Grupu liligawanyika pande mbili. Matroni na wengine wawili walisema Nesi alipe 785,000 zote, aje asije. Wawili wakasema tumrudishie 200,000 zake, mtoto yuko shule, tusiwe na roho mbaya. Nilikaa na daftari Jumatatu usiku, nikagawa vitu mafungu mawili: vile vinavyoondoka na mtu, na vile vinavyobaki hata akiondoka.

Vinavyoondoka: nauli yake ya boti, maana tiketi zilikuwa bado hazijakatwa, na chakula chake, maana sokoni tulikuwa hatujaenda. Kumdai hivyo ni kumlipisha samaki asiyemla. Vinavyobaki: nyumba, gari, mpiga picha, dau, na sare yake, maana joho lilishadariziwa jina. Nyumba ilikuwa imepanda kidogo kwa sababu ya dola. Kianzio tulikilipa kwa 2,600, na salio la Agosti lilikuwa kwa 2,700, kwa hiyo sehemu ya kila mmoja ikawa 397,500 badala ya 384,000. Watu waliilaumu sana dola kwenye grupu, lakini tofauti ilikuwa 13,500, si dola iliyotuumiza. Jumla ya vinavyobaki kwa kichwa cha Nesi ilikuwa 567,500.

Tukimrudishia laki mbili zake, sisi saba tungebeba kama 81,000 kila mmoja. Tukizibakiza, 52,500. Mmoja wa wale saba ni mama lishe, na alikuwa amemaliza kulipa Julai kwa kucheza mchezo wa wiki, yaani upatu. Kumrudishia Nesi kungekuwa kumtoza mama lishe. Huruma ya upande mmoja inaumiza upande mwingine usiopiga kelele.

Kwa hiyo niliamua, na nikaiandika kwa jina langu ili lawama zije kwangu: laki mbili zinabaki, na hadaiwi zaidi ya hapo. Alishabeba sehemu ya nyumba ambayo hatailala. Kumdai 367,500 nyingine mtu aliyenyanyuka kwenye benchi la kausha damu ni kumrudisha kwenye benchi lile. Mchanganuo wote nilimtumia yeye mwenyewe, si grupu, ajue pesa yake imekwenda wapi mpaka shilingi ya mwisho. Hakuomba irudishwe. Alijibu, "Asante kwa kuniandikia."

Pengo tulilipunguza kwa njia ambayo ingetakiwa iwe ya kwanza kufikiriwa. Bi harusi ana binamu Fuoni, palepale Unguja, asiyehitaji boti. Tulimkaribisha kwa 250,000. Ukitoa chakula chake 120,000, zilibaki 130,000 za kuingia kwenye nyumba. Sisi saba tukaongeza kama 33,900 kila mmoja. Nawaandikia namba hizi zote kwa sababu maneno yaliyosemwa juu ya Nesi kwa wiki mbili yalikuwa makubwa kuliko 33,900. Kuna aliyesema ametuharibia harusi.

Simu ambayo haikupigwa

Pesa iliisha hivyo. Kilichobaki kikiuma ni kwamba bi harusi alipata habari kwa picha iliyopigwa kwenye simu ya mtu mwingine.

Nesi alidhani akiwaambia watu wa kamati ameshamwambia mwenye shughuli, kama ilivyo kwenye michango. Tena aliona kumpigia bi harusi ni kama kumwomba amlipie. Bi harusi aliponieleza upande wake hakujifanya malaika. "Nilitaka Nungwi," alisema, "siwezi kusema sikutaka. Lakini sikujua mnalipa kiasi gani, matroni aliniambia nisiulize. Angenipigia Juni ningelia, ningekasirika siku mbili, basi." Namwamini kuhusu siku mbili. Aliongeza kwamba angempunguzia gharama, na hapo sina hakika kama Nesi angekubali. Ana kichwa kigumu kwa vitu vya kupewa.

Nimejiuliza ningemwandikia maneno gani kama angenishirikisha. Yangekuwa machache, ya simu, kabla ya kutoka kwenye grupu lolote: "Shoga yangu, nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kwanza. Nungwi siiwezi. Mdogo wangu amechaguliwa na pesa imekwenda huko. Nilichokwisha kutoa kibaki kwenye nyumba. Kicheni pati nipo, na asubuhi yake nitakuja mapema nikusaidie." Sababu moja tu, ya kweli. Watu wanaojitoa hupanga sababu nne mfululizo, ofisi imenikatalia ruhusa, mama anaumwa, sina hakika na boti, na msikilizaji akiokota moja dhaifu anazitupa zote. Na hiyo ahadi ya mwisho lazima iwe ndogo na iwe ya kutimizika, maana mtu aliyeangushwa mara moja anasikiliza ahadi ya pili kwa sikio jingine.

Safari ilikwenda. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Asubuhi ya Jumamosi tulivaa majoho kwa ajili ya picha, na la Nesi lilikuwa limeletwa na fundi pamoja na mengine, maana jina lilishadariziwa kwa uzi wa dhahabu. Matroni alisema binamu wa Fuoni alivae, mgongo hautaonekana. Binamu akalishika, akasoma jina, akalirudisha kwenye mfuko wa plastiki. "Nitavaa kanga yangu," alisema. Katika picha zile tuko tisa, wanane tumevaa majoho na mmoja kanga, na bi harusi hakutaka mpiga picha azirudie.

Jumatano baada ya kurudi bi harusi alinipitia tukaenda Mbagala. Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, anaosha sare zake za kazi uani. Alitutandikia mkeka. Kwa muda mrefu hawakusema la maana, walizungumza habari za mtoto wa Mbeya, baridi ya huko, kwamba amepiga simu kuomba sweta la pili. Kisha bi harusi akatoa ule mfuko.

"Ungenipigia," alisema.

"Ningekuambia nini?"

"Hayohayo uliyomwambia mweka hazina."

Nesi alilifungua joho, akapitisha kidole juu ya uzi wa jina lake. Akaniuliza mimi kama 65,000 zile za sare zilikuwa ndani ya laki mbili au nje. Nikamwambia ndani. Akatikisa kichwa, akaingia nalo chumbani, na kupitia pazia la mlango nilimwona akilitundika kwenye msumari, juu ya mahali lilipokuwa limeegemezwa godoro la mdogo wake kabla halijasafiri.

Kicheni pati alikuja, saa mbili asubuhi, kabla ya wapishi. Matroni mpaka leo humsalimia bila kumtazama.